Chiriku Anasema Kitamu

Nyumba ya juu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili mchana.

Mpendwa Wifi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Chiriku wako. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Binamu yenu dereva aliniambia plasta wameshaifungua na umerudi kwenye tanuri, ila unakanda unga huku umeegemea meza. Wifi, tafadhali, mikate haikimbii. Tafuta kiti, ukande umekaa, na atakayecheka acheke. Na shemeji fundi saa, macho yake je? Bado anavaa miwani miwili juu ya pua moja? Mwambie nimemcheka toka huku.

Sisi ni wazima wa mwili. Ya moyo tuyaweke kando kwanza, nitayafikia. Ndiyo yaliyonikalisha na kalamu wakati nguo za kupiga pasi zimejaa kiti kizima.

Barua yako niliipata. Sikujibu upesi, na usiseme wifi yako amenuna. Haya basi, kidogo nilinuna. Mtu akiambiwa "niletee mtoto aishi kwangu, huko kwako anakwisha", hata kama ameambiwa kwa upendo, lazima imchome. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya vijiko. Sijui kwa nini huko. Kila nikitaka kukoroga chai naiona.

Ila binamu dereva aliyekusimulia hakuongeza neno. Mtoto amekonda kweli. Sketi yake ya shule nilikuwa naikunja kiunoni na kuibana kwa pini. Mabega yametokeza. Mwalimu wake wa darasa aliniita akaniuliza, kwa upole, kama nyumbani chakula kinapatikana. Mimi, Wifi! Mimi ambaye mama yangu alikuwa hali mpaka mgeni ashibe, naulizwa kama nampa mwanangu chakula! Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Kila mtu alisema ni msiba. Baba amekwenda, koo la mtoto limefunga. Nami nilisema hivyo hivyo, maana mimi mwenyewe tangu tumzike mdogo wako tonge halishuki vizuri. Unamkumbuka Chiriku alivyopewa jina lile, mdomo haufungi kuanzia asubuhi. Siku hizi anakaa mezani kimya, anazungusha kijiko, anasema, "Kitamu, mama, nimeshiba," na sahani imejaa vile vile.

Kilichonitisha zaidi ni maji. Alikuwa anakunywa maji kupita kiasi, anakunywa mezani, anakunywa akitoka mezani, anaamka kwenda kunywa tena. Nikasema hii sasa ni sukari, tumekwisha. Nikaomba ruhusa kazini nikampeleka kliniki. Wakampima damu, wakampima mkojo, hana kitu. Daktari akamuuliza kama anakula vizuri nyumbani, naye akajibu bila kusita, "Mama anapika chakula kitamu sana." Mimi pale kwenye benchi kichwa kikavimba kwa sifa. Nikiikumbuka siku ile natamani kujizaba kofi.

Basi nilikuwa nimeshakubali, Wifi. Nakwambia ukweli. Begi lake nililishusha kutoka juu ya kabati nikalifuta vumbi. Nilijiambia nyumba hii ndiyo inayomla mtoto: kiti cha baba yake kipo, koti lake lipo kwenye msumari, na ile friji ya mteja aliyokuwa akiitengeneza mpaka leo imeegemea ukuta haijachukuliwa. Nilisema aende kwa shangazi yake penye mikate na makelele, labda atapona. Nilikuwa nikitafuta maneno tu ya kukuandikia.

Ndipo ikaja Jumatano.

Lakini lazima nianzie nyuma kidogo. Habari ya pua yangu unaijua, ila hujapata kukaa nami jikoni tangu inipate. Yale mafua makali yaliponiachia, yaliondoka na pua, na ulimi ukafuata. Sukari na mchanga kwangu ni mamoja. Kazini kwa dobi walininyang'anya pasi siku nilipounguza suruali ya wakili, nimeiinamia kabisa, wapita njia wanauliza nini kinaungua, na mimi sina habari. Sasa napokea nguo, nahakiki vifungo na kufunga vifurushi. Jikoni ningekuwa nimestaafu kama si mdogo wako.

Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Akirudi kutoka kwenye friji za watu, hata mikono hajanawa vizuri, anasimama karibu na jiko na kijiko. Anachota, anapuliza, anaonja, anafumba macho kama jaji. "Bado." Naongeza. "Bado kidogo." Naongeza. "Hapo hapo, usiguse tena." Hivyo ndivyo tulivyopika miaka yote ile, na wageni wakala wakalamba vidole, wala hakuna aliyejua kwamba mpishi hana ulimi.

Na chakula chetu cha siku za kazi kilikuwa kile chenu, humohumo. Alinisimulia mlivyokibuni wewe na yeye mlipokuwa mmepanga chumba kimoja, jiko la moto mmoja na kikaango kimoja, wewe ukiwa dada na mama kwa wakati mmoja. Soseji unazikata vipande, unazikaanga mpaka zitoe mafuta. Kitunguu humohumo. Karoti na pilipili hoho humohumo. Nyanya zikishalainika unamimina maji, unatia makaroni mabichi humohumo, unafunika. Hakuna sufuria ya pili, hakuna maji ya kumwaga. Mtu anarudi kazini amechoka, na kabla viatu havijapoa chakula kiko mezani.

Kila mtu anasema ni chakula rahisi. Kwangu mimi ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu ya chumvi. Inabidi itiwe kwenye maji kabla makaroni hayajaingia, maana yenyewe ndiyo yanayoyanywa maji yale, na yakishayanywa huwezi kurudi nyuma. Soseji nazo zinakuja na chumvi yake, na kila muuza nyama ana mkono wake. Asiye na ulimi atajuaje?

Sasa Jumatano. Nimetoka kazini, mvua imenikuta njiani, nimepitia soseji kwa muuza nyama wa kona, nimepika humohumo. Mama mmoja fundi cherehani anayekaa nyumba ya chini akapanda kuniletea sketi ya Chiriku aliyokuwa ameipunguza kiuno. Nikamwambia hatoki mlangoni kwangu bila kuonja kitu. Akakataa, nikamvuta mkono, akakaa. Nikampakulia sahani iliyojaa.

Akatia kijiko cha kwanza. Nikamwona amesita. Akameza kwa shida, macho yakamtoka, akaanza kukohoa huku anapapasa kutafuta maji. "Jirani," akasema alipopata pumzi, "leo mkono umekuteleza? Umemwaga pakiti nzima?"

Nilicheka. Yule mama ni mtu wa utani, nikajua ananitania. Nikamgeukia Chiriku ili tucheke pamoja.

Wifi, mtoto alikuwa ameivuta sahani mpaka kifuani na anakula mbio mbio. Vijiko vikubwa, mashavu yamejaa, machozi yamemsimama, na macho ameyakaza kwa yule fundi cherehani kama anataka kupigana naye. "Kitamu," akasema huku anatafuna. "Chakula cha mama ni kitamu. Mimi nakipenda hivi hivi." Na mkono wa pili umekamata kikombe cha maji.

Nilishika ukingo wa meza. Fundi cherehani akatutazama, mmoja kisha mwingine, akasema ameacha pasi kwenye moto, akashuka ngazi bila kuaga vizuri. Mungu ambariki, ni mtu mwenye akili.

Nilimnyang'anya sahani. Ilibidi nitumie nguvu. Nikamuuliza, "Chiriku, chakula hiki kina chumvi nyingi?" Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema kidogo tu. Nikamwambia mwanangu, mimi mama yako siwezi kujua, sina mtu mwingine wa kuniambia. Hapo ndipo alipovunjika. Alilia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, na maneno yakatoka vipande vipande, nami nikayaunga.

Unajua zile dawa kali alizokuwa akipewa mdogo wako miezi ya mwisho. Kumbe zilimuua mdomo. Kila kitu kilikuwa kama kulamba misumari. Yule mwanamume hakuwa anaonja kitu, Wifi! Alikuwa anakaa pale kwenye stuli, maana kusimama alikuwa hawezi tena, namletea kijiko, anafumba macho vile vile, anasema, "Bado kidogo." Anabahatisha! Anaogopa kisiwe chapwa, basi kila siku bado kidogo, bado kidogo. Na mimi naongeza, namshukuru.

Mtoto alikuwa anajua. Siku moja nikiwa kazini, Chiriku aliukunja uso kwenye sahani mbele ya baba yake, na baba yake akamwambia siri. Akamwambia, "Mama yako hana ulimi, na mimi sasa sina. Akijua ataacha kupika, na akiacha kupika atakaa kunitazama nikifa. Akikupa sahani, sema kitamu. Niahidi." Mtoto akaahidi. Baba akafa, ahadi ikabaki.

Nami baada ya mazishi niliendelea kutia chumvi kwa kipimo kile kile, kiganja kile kile alichonizoesha, kwa sababu ndicho alichoniachia. Nilijisifu hata, nikasema mwenzangu hayupo ila mkono wake upo jikoni.

"Sasa nimemvunjia baba ahadi." Hilo ndilo lililokuwa linamliza. Chumvi hata hakuijali.

Nitakwambia jambo ambalo siwezi kumwambia mwingine. Nilimkasirikia mdogo wako. Mtoto alipolala kwa uchovu wa kulia, nilikaa mbele ya kiti chake nikamsema, kwa sauti, kama vile yumo. Nilimwambia, bwana wewe, hukuniamini hata kidogo? Ulidhani nitavunjika kwa sababu ya sufuria? Umemtwika mtoto mdogo mzigo wa watu wazima, kisha umejiendea zako! Nilimsema mpaka nikakauka koo. Kisha nikafikiri jinsi alivyokuwa akifumba macho pale kwenye stuli, anajifanya jaji na mwili umekwisha, hasira ikanitoka yote nikabaki nalia. Nimemkosa sana, Wifi. Nimemkosa mpaka uongo wake.

Kesho yake tulipika tena. Nilimwambia Chiriku sasa yeye ndiye mwonjaji, na kwamba ahadi ya baba nimeifuta mimi, kwa kuwa aliidai bila kuniuliza. Akapanda kwenye kibao. Nikatia chumvi kiduchu kwenye maji. Akachota, akapuliza. "Inatosha."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akala nusu sahani, na maji hakuyagusa sana. Nilifurahi nusura niimbe. Halafu furaha ikanikatika njiani, maana nilijiuliza, nitajuaje? Mtoto huyu huyu alinitazama machoni majuma kwa majuma akaniambia kitamu. Basi nilifanya kituko. Nilipakua bakuli dogo, nikalifunika, nikashuka nalo kwa fundi cherehani mtoto asione. Akaonja kwa hofu, maskini, ncha ya kijiko tu. Akasema leo ni sawa kabisa, akamaliza bakuli. Tangu siku hiyo kila nikipika nashuka na bakuli. Mtoto anakula. Jana aliniomba nyongeza, mara ya kwanza tangu msiba, na bakuli lilishasema ni kweli.

Kwa hiyo chumvi imekwisha, Wifi. Kilichobaki hakiingii kwenye bakuli.

Jana nikimsuka nywele nilimwambia, "Shangazi yako anataka ukaishi naye, usome huko. Unaonaje?" Nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida, kama ninayeuliza habari za madaftari. Akajibu upesi, "Sitaki. Nataka kukaa na wewe." Kisha akageuka akanitazama, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akatabasamu. "Nikienda, nani atakuonjea?"

Ungefikiri nitafurahi. Mama yeyote angefurahi. Mimi mikono iliniganda kwenye nywele zake. Sauti ile niliijua, Wifi. Ndiyo ile ile ya mezani, na tabasamu ni lile lile alilompa daktari pale kliniki. Sikuweza kujua kama ananipenda tu, au ananionea huruma, au anakumbuka baba yake alivyomfundisha. Labda kweli hataki kuondoka. Labda anatamani sana kuondoka katika nyumba hii yenye koti msumarini na mama anayelia bafuni akidhani hasikiki. Hakuna jirani wa kumpelekea neno lile alionje.

Nimefikiri usiku na mchana na nimefika hapa. Shule zikifungwa nitakuletea Chiriku likizo nzima. Nitamfikisha mwenyewe, nitalala siku moja, nitaondoka. Mpikie humohumo vile ulivyompikia baba yake alipokuwa mdogo, ukimsimulia alivyokuwa mlafi, acheke. Usimuulize kama chakula ni kitamu. Atakwambia kitamu. Wewe tazama sahani. Na akianza kukusifia kila kitu, nguo zako, mikate yako, upishi wa shemeji, ujue bado hajatulia, usivimbe kichwa kama mimi.

Akishazoea, akiwa ameanza kukukasirikia na kukununia kama mtoto wa kawaida, ndipo umuulize anataka kuishi wapi. Muulize mimi nikiwa mbali, uso wangu asiuone. Mpe siku kadhaa, muulize tena.

Mimi namtaka, Wifi. Nakuandikia wewe, yeye sikumwambia wala usimwambie. Nyumba hii bila yeye sijui nitaingiaje jioni. Lakini akisema anataka kubaki kwako, mwambie mama amekubali na amefurahi. Huo uongo mmoja naomba unisaidie kuusema, kisha tuufunge mlango. Nami niandikie jibu lake kama atakavyolisema, usilitie sukari. Sina ulimi, ila hilo nitalionja.

Nisalimie shemeji na miwani yake. Nisalimie mama mkubwa, mwambie shuka alizotuma zimefika na ndizo tunazolalia. Msalimie binamu dereva, mwambie sina kinyongo naye, alifanya vyema kusema alichokiona. Chiriku anakusalimu, ameniagiza niandike kwamba anakupenda sana. Hilo nimeliandika alivyolisema.

Mungu auunge mguu wako, akupe wepesi kwenye huzuni ya ndugu yako uliyemlea, na siku utakayomuuliza mtoto akupe masikio ya kusikia.

Ni mimi wifi yako akupendaye, na nitakupenda hata jibu likiwa lile nisilolitaka,

Mama Chiriku